Madonge Matano Chini ya Jiko

Nyie vijana mnanijia hapa kibarazani na simu zenu, mnanionyesha video ya mtu huko ughaibuni anajenga jukwaa la marumaru la kuwekea jiko la peleti, kisha mnaniuliza: "Mzee Mshamu, hii kitu kwetu inawezekana?" Inawezekana. Nimeijenga kabla baadhi yenu hamjajua kushika pimamaji. Mara ya kwanza niliijenga vibaya. Baada ya hapo nimejenga nyingi nzuri, na hizo nzuri zote hazijaifuta ile moja.

Kaeni basi. Mie sisimami, magoti yamegoma. Kazi ya marumaru inakula magoti kama mchwa anavyokula mbao, kimyakimya, mpaka siku unataka kunyanyuka unakuta hamna kitu. Marehemu mke wangu alikuwaga ananitania kwamba nimepiga magoti kwenye vyoo vya watu kuliko nilivyopiga msikitini. Ni kweli.

Kazi nilifundishwa na fundi Awadhi, hapa hapa Mwananyamala. Kwao walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake, Waarabu wa siku nyingi wanaojua kila nyumba ya mtaa huu ilianza na mifuko mingapi ya saruji. Ndugu zake walikaa kaunta. Yeye kaunta ilimchosha, akapenda kushika mwiko. Alikuwa mtu wa maneno machache na kidole kimoja kigumu, cha kati, ambacho alikitumia kugonga kila marumaru tuliyoilaza. Marumaru iliyolala vizuri inajibu kifupi, ko. Yenye uwazi chini yake inajibu kama debe. Akisikia debe alichukua patasi, akaing'oa, akakupa mkononi, akaondoka.

Bafu la kwanza aliloniachia peke yangu niliweka mwinuko kinyume. Sijui akili ilikuwa wapi. Awadhi alikuja, akatazama, akaomba ndoo ya maji kwa mwenye nyumba, akaimwaga bafuni mbele yetu wote. Maji yakalipita tundu la kutolea maji kama hayalioni, yakatoka mlangoni, yakaingia sebuleni chini ya makochi mapya. Mie nikaanza kujieleza: sakafu ilikuwa hivi, saruji ilikuwa vile. Awadhi akanisikiliza vizuri tu, kisha akaniambia, "Unanieleza mie wa nini? Yaelezee hayo maji."

Nilibomoa, nikarudia. Nilicheka baadaye. Sasa hivi sicheki sana.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokikataza kuliko vyote: madonge. Nyie mnayajua, msijifanye. Badala ya kupaka gundi sakafu nzima na kuichana kwa mwiko wa meno, unatupia madonge matano nyuma ya marumaru, manne kwenye pembe na moja katikati, unaibandika, unaigonga kwa nyundo ya mpira, inakaa. Ni haraka. Kwa macho inapendeza. Chini yake ni hewa tupu, na marumaru iliyokalia hewa inasubiri tu kitu cha kuiangukia.

Awadhi akiwa hai sikuwahi kuweka madonge. Alipofariki, nikaweka.

Sasa huyo Mama Neema. Alikuwa mwalimu, mtu wa Makete, alistaafu akabaki Dar kwa sababu watoto wake wamezaliwa hapa na baridi ya kwao hawaiwezi. Mumewe alishatangulia. Nyumba yao iko bondeni, kule ambako masika yakikaza maji yanaingia uani bila hodi. Kwa hiyo mumewe, enzi za uhai wake, aliwajengea jiko la nje la mbao, limenyanyuliwa juu ya nguzo, na sakafu yake mbao. Hapo Mama Neema na binti yake walikaanga maandazi ya oda za shule na misiba. Neema mwenyewe alikuwa msusi. Asubuhi maandazi, mchana kusuka. Mtaa mzima wanawake walikuwa wanamsubiri yeye, wasusi wengine wapo wapo tu.

Mkaa ulipozidi kupanda bei, Mama Neema akanunua jiko la peleti kwenye maonyesho. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vifupi, ukiviona utadhani chakula cha kuku. Jiko lenyewe lina feni ndogo ya umeme inayopuliza moto. Moshi hakuna kabisa. Lakini linapata joto kweli kweli, na mdomoni linadondosha vijikaa vya moto. Kikaratasi chake kilisema lisikae juu ya mbao.

Akaniita. "Fundi, nijengee mahali pa kuliweka. Pawe pazuri, maana nitapaangalia kila siku."

Nisikilizeni hapa, maana hiki ndicho mlichokuja kuuliza. Kwanza unaingia chini na tochi, unatazama maboriti yanayobeba sakafu. Marumaru na jiko ni mzigo, na sakafu inayocheza inapasua marumaru hata kama umeilaza kwa sala. Panapocheza unaongeza boriti. Juu ya mbao unalaza bodi za saruji, zile zisizoshika moto, tabaka mbili, na maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Unazikaza kwa skrubu. Halafu gundi, ile inayovumilia joto, unaichana sakafu nzima kwa mwiko wa meno. Marumaru unaikandamiza huku unaisogeza kidogo. Ya kwanza ukishailaza ing'oe uitazame mgongo: kama gundi haijaenea kote, hujalaza kitu. Mbele, penye mdomo wa jiko, unarefusha, maana ndiko vijikaa vinakodondokea. Kiasi gani cha mbele na kiasi gani kutoka ukutani, soma kikaratasi cha jiko lenyewe, kila jiko lina kipimo chake. Mianya ijaze grauti, ule uji wa saruji, kesho yake. Kisha mwenye nyumba umwambie asiwashe moto mpaka gundi ikauke kabisa, hata akikununia.

Yote haya niliyajua siku ile. Naomba mshike hapo. Ningekuwa sijui, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Bodi za saruji duka la jirani hazikuwepo. Ingebidi niende Kariakoo. Na Kinyerezi kulikuwa na mkandarasi ananisubiri, nyumba kadhaa kwa mpigo, ameshanipigia simu mara mbili asubuhi ile. Nikatazama pale uani, nikaona plaiwudi iliyobaki kwenye kabati walilotengeneza. Ngumu, nene, safi. Nikaikata, nikaipigilia, nikapiga madonge matano kila marumaru, na kabla ya adhuhuri nimemaliza.

Plaiwudi, wanangu. Nililaza kuni chini ya moto, nikazifunika vizuri kwa marumaru.

Mama Neema aliipenda kazi. Alichagua mwenyewe marumaru za rangi ya maziwa, pembeni zina majani ya buluu. Aliwaita wenzake wa kwaya waje waone. Mmoja akasema hapa hata mgeni anaweza kulala. Wakacheka, na mie nikacheka. Sikuigonga hata moja kwa kidole. Nilijua itajibu nini.

Wiki ile ile alikuja Kasimu kuvuta umeme wa feni. Kasimu fundi umeme, rafiki yangu wa miaka na miaka. Tumekula sahani moja kwenye saiti zaidi ya nilivyokula na ndugu zangu wa damu. Alikuwa mtu mwenye wasiwasi, mnawajua mafundi umeme wazuri walivyo, anakagua kitu mara tatu. Alivuta waya ndani ya bomba, akaweka soketi juu mbali na joto, kisha akachuchumaa akatazama jukwaa langu.

"Mshamu, chini umeweka bodi?"

"Nimeweka," nikamwambia.

Akanyanyuka. Hakuuliza tena. Angeulizaje tena?

Miezi ikapita, jiko linafanya kazi, mie naonekana fundi. Halafu siku moja Neema akanipigia. "Shikamoo fundi. Sufuria kubwa lilinitoka mkononi, limeangukia ile marumaru ya mbele. Imepasuka."

"Imevunjika au ufa tu?"

"Ufa. Ila kidole naona kinaingia."

Kidole kinaingia. Nikamwambia ni kawaida, nitapita Jumamosi. Jumamosi sikupita. Wiki iliyofuata akapiga tena nikiwa Kinyerezi napanga marumaru za sebule. Niliona jina lake kwenye simu. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya mfuko wa saruji, nikaendelea na kazi.

Moto ulikuja asubuhi, saa nne hivi. Mama Neema alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Neema alikuwa peke yake na karai la mafuta. Alinusa mbao zinaungua, akadhani ni jirani anachoma takataka. Kumbe vijikaa vilikuwa vinadondokea ndani ya ufa siku zote hizo, plaiwudi inaungua polepole kwa chini, na mbao za sakafu nazo zinafuata. Sakafu ikalegea upande mmoja. Jukwaa likainama na jiko lake na karai lake. Neema akanyoosha mkono kulidaka karai, kama ambavyo yeyote kati yenu angefanya bila kufikiri. Mafuta yakamwagikia mkono wa kulia, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko.

Majirani walimtoa. Walizima kwa mchanga. Jiko lote la nje likaisha, nyumba kubwa ikapona. Neema alilazwa wiki nyingi. Mkono ulipona kwa maana ya kwamba upo. Vidole vilijikunja vikabaki hivyo.

Dar es Salaam moto una jina moja tu, shoti ya umeme. Kabla hata majivu hayajapoa watu wameshasema shoti. Na aliyeweka umeme ni nani? Kasimu. Kesho yake mwenyekiti wetu wa mtaa akaita watu pale pale uani. Mabaki yalikuwa yamelala chini. Mie nilisimama karibu nayo, nikaona kipande cha plaiwudi yangu kimegeuka mkaa, na nyuma ya marumaru iliyopinduka madonge yangu matano, meupe, yamekaa kama yalivyo. Nikasogea nikaikanyaga ile marumaru. Nilisimama juu yake kikao kizima.

Mwenyekiti akasema, "Hapa tuna fundi mkongwe. Fundi Mshamu, wewe unaonaje?"

Kasimu alikuwa mbele yangu. Alinitazama bila wasiwasi. Alikuwa anasubiri rafiki yake aseme.

Nikasema, "Moto wa umeme huwaga unaanza hivi hivi."

Hayo tu. Sikumtaja mtu. Mara nyingi nilikuja kujipa moyo kwa hilo, kwamba sikumtaja mtu.

Kasimu alifungua mdomo, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Mama Neema alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, bado amevaa kitenge cha kanisani cha jana yake. Akamwambia taratibu, kwa ile sauti ya darasani, "Fundi Kasimu, ondoka. Usije tena kwangu."

Kazi ya umeme ni kazi ya kuaminiwa. Mtu akishaambiwa umeunguza nyumba ya mjane na mkono wa binti yake, nani atakuruhusu uguse swichi yake? Wateja walikatika mmoja mmoja. Mwenye fremu ya duka aliyompangisha akamwambia anaihitaji. Kasimu akahama, na mie nikasikia kwa watu. Hakuja kuniaga. Nilijiambia amekasirika na mtaa.

Mie niliendelea kufanya kazi. Tena niliitwa zaidi, maana jina langu lilibaki zuri. Kuanzia pale sijawahi kuweka donge tena mahali popote, nikawa mkali kwa wenzangu kuliko Awadhi, na watu wakawa wanasema Mshamu anajua kazi. Nilikuwa nasikia na kuitikia.

Miaka ikaenda. Siku moja nilikuwa na kazi ya duka la dawa Gongo la Mboto. Nimetoka nje kunywa maji, nikamwona mtu nyuma ya meza ya viatu vya mtumba, anasugua kimoja kwa brashi. Alikuwa amekonda. Kasimu.

Nilitaka kurudi ndani. Akawa ameshaniona.

"Mshamu. Karibu. Unavaa namba ngapi siku hizi?"

Nikasimama pale kama mtoto. Nikamwambia, "Kasimu, ule moto..."

"Naujua ule moto," akasema, huku anasugua. "Nilirudi kesho yake baada ya kikao. Waya wangu uliungua ganda kwa nje tu, shaba yake nzima, haina hata alama moja ya shoti. Nikainua marumaru yako. Nikayakuta madonge matano na plaiwudi."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo aliacha kusugua.

"Nilisema. Niliubeba ule waya mpaka kwa mwenyekiti, nikauweka mezani kwake. Akaniambia, fundi Mshamu keshasema. Nikaenda kwa Mama Neema, sikufunguliwa mlango. Nilisema, Mshamu. Ila wewe ndiye uliyeaminiwa."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanyanyua mkono ule wenye brashi.

"Usiniombe mie. Mie ukweli ninao tangu siku ile, hunipunguzii wala huniongezei. Nenda kwa asiyejua." Akakipanga kile kiatu kando ya mwenzake. "Kama hununui, sogea kidogo, unawaziba wateja."

Mtadhani niliondoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mama Neema. Sikwenda. Ilinichukua mwaka na zaidi. Kila wiki nilikuwa na sababu: mara msiba, mara mvua, mara magoti. Mwishowe magoti yakanitoa kazini kabisa, nikakosa hata saiti ya kujifichia.

Nilikwenda alasiri, Mama Neema yuko barazani anachambua mchele. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka vile vile. Neema alikuwa pembeni, mbele yake amekaa mwanamke anayesukwa, ila anayesuka ni msichana mwingine. Neema alikuwa anamwelekeza kwa mdomo: kaza hapo, gawa nyembamba, rudi nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umefunikwa kwa khanga.

"Fundi, karibu. Pita," akasema Mama Neema. Akaagiza chai.

Nilimwomba tuzungumze. Yule mteja na msichana wakasogea ndani. Nikasema yote. Plaiwudi, madonge, Kinyerezi, simu. Nikasema nilivyosimama juu ya marumaru. Sikuweka "ila" wala "lakini," hilo angalau nililiweza.

Mama Neema mikono yake ilisimama kwenye ungo. Neema ndiye aliyesema kwanza.

"Nilikupigia mara mbili."

"Ndiyo."

"Mara ya pili uliiona?"

"Niliiona."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesahihisha hesabu aliyoikosea siku nyingi. Mama Neema akaweka ungo chini. Hakuniuliza kuhusu mkono wa mwanawe, wala kuhusu jiko la mumewe. Aliuliza, "Kwa hiyo Kasimu nilimfukuza bure?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuja kunigongea. Nilimsikia. Nilikaa kitandani mpaka akachoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwalimu yule analia. Alilia bila sauti na bila kujifuta. Kisha akamwambia Neema, "Mpigie."

Namba nilikuwa nayo mie, niliipata kwa yule wa duka la dawa. Nikapiga kwa simu yangu. Neema akanyoosha mkono wa kushoto aipokee, akaacha. "Ishike wewe," akasema. "Iweke sauti ya nje. Useme hayo hayo."

Nikasema hayo hayo. Upande wa pili nilisikia magari, na mtu anauliza bei ya raba. Nikamaliza.

"Nimesikia," Kasimu akasema. Kisha sauti yake ikabadilika, ikalegea. "Mama Neema, upo hapo? Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, Kasimu." Akasogea karibu na simu. "Nisamehe. Sikukufungulia."

"Ulikuwa na mgonjwa, mwalimu. Neema naye yupo? Hajambo? Bado anasuka?"

"Nipo, kaka Kasimu," Neema akasema. "Sisuki. Nafundisha."

"Kufundisha ndiyo kwenu huko. Umemfuata mama yako."

Mama Neema akacheka huku machozi yanatoka. Wakaendelea. Waliulizana wazazi, watoto, nani kafariki, nani kaolewa. Kasimu aliuliza kama masika haya maji yaliingia uani. Neema akamsimulia. Jina langu halikutajwa tena, wala hawakulikwepa. Halikuwa na kazi.

Chai yangu ilipoa na ngozi ikaganda juu yake. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyeniambia nikae. Nilibaki nimesimama katikati yao kwa magoti haya, nimewanyooshea simu, mpaka mkono ukafa ganzi, na sikuthubutu kuubadilisha simu isije ikakatika.